Bedford ya Yarrow Kulow

S.L.P. 118, Garissa
24 Februari 1997

Adeer Yarrow Kulow,
Modogashe.

Assalaam aleikum, Adeer. Natumaini Idd imewakuta salama wewe na watu wa nyumba yako.

Mimi ni Bishar Nuh, karani wa ofisi ya mifugo, niliyekuja huko Modogashe na kikosi cha chanjo kabla ya Ramadhani. Ami yangu Gelle ndiye aliyeongoza wazee waliokuja kwako kuniposea binti yako Weris. Walikunywa chai yako, wakala nyama yako, wakarudi na jibu moja: "Hatuna msichana wa kumpa mtu mzima anayecheza na magari." Ami Gelle ameirudia kauli hiyo msikitini, hotelini na soko la ngamia. Sasa nikipita njiani, wanaume wenye ndevu zao wananipigia honi kwa midomo.

Najua si adabu mtu kujipelekea posa mwenyewe kwa barua. Lakini wazee wangu hawakuweza kunitetea, kwa sababu wao pia wanaamini ninacheza. Adeer, mimi sichezi. Mimi naunda.

Nikitoka kazini nachukua mkebe wa mafuta ya msaada, yale yanayotoka kambi za Dadaab, naukata na kuunyoosha. Napima gari la kweli kwa utepe, bampa hadi bampa, kisha kila kipimo nakigawanya kwa ishirini. Tairi nazichonga kutokana na vifuniko vya mpira vya chupa za chanjo. Ekzosi ni sindano iliyokwisha makali. Kioo cha mbele ni filamu ya eksirei iliyooshwa kwa dawa ya kufulia mpaka mifupa ya mgonjwa ikatoka. Milango inafunguka, na magurudumu ya mbele yanafuata usukani. Siuzi, wala simpi mtoto avute kwa kamba. Kwa nini nafanya hivyo? Hata mimi sijui vizuri. Naona tu kwamba kitu nikishakiunda kidogo ndipo ninapokijua.

Siku ile ya chanjo niliweka Land Rover yangu ndogo juu ya dashibodi ya ile kubwa. Kila mtu alisema, "Hebu nishike." Weris alileta mbuzi zenu, akaitazama, akaniuliza kwa nini tairi la akiba nimeliweka juu ya boneti ilhali la gari lenyewe liko nyuma. Alisema kweli. Tangu siku hiyo sina raha.

Nakuomba uniambie nifanye nini ili wazee wangu wakija tena uwasikilize. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu hatukufundishwa kukiandika, na Kiingereza nimeambiwa hukipendi.

Mimi mwanao kwa heshima,
Bishar Nuh


Modogashe
19 Machi 1997

Bishar Nuh,

Waleikum salaam. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la mbuzi na imenuka mbuzi, lakini maneno yalisomeka. Mimi sijui kuandika. Weris, ambaye ni mwalimu wa darasa la pili, anaandika ninayosema, na ndiye aliyenisomea yako. Kwa hiyo yote uliyosema juu yake ameyasoma kwa sauti mbele ya baba yake. Aibu hiyo ni yako, ibebe mwenyewe.

Kiswahili ni sawa. Ndicho nilichokitumia miaka yote ya barabara, kwa polisi, kwa mafundi na kwa matajiri wa Isiolo.

Sasa sikiliza. Kupima Land Rover iliyoegeshwa ofisini si kazi. Imesimama, haina haraka, unaizunguka na utepe wako. Mimi nitakupa gari usiloweza kulipima. Niliendesha lori, Bedford ya pua, Isiolo, Modogashe, Habaswein, Wajir na kurudi, mpaka mwenye gari alipoiuza ikakatwakatwa vyuma vikuukuu. Picha hakuna. Gari lenyewe halipo. Liunde. Nikilitazama moyo ukaniambia hili ni langu, wazee wako waje, na safari hii nitawachinjia ngamia dume. Moyo ukiniambia hii ni Bedford ya mtu mwingine, endelea kupigiwa honi.

Na usilale. Kuna mfanyabiashara wa Wajir anayemtaka msichana huyuhuyu. Ana ngamia wengi na hachezi na kitu chochote.

Yarrow Kulow

Bishar, haya ya chini ni yangu. Aabo ameenda kuswali. Tangu nipate akili zangu sijamsikia baba yangu akilizungumzia lori lile hapa nyumbani. Leo alisimama kunionyesha kwa mikono urefu wa pua yake, akamwaga chai. Huyo mtu wa Wajir ana wake wawili na jino la dhahabu, nami simtaki. Nakuambia wazi ili usiunde polepole. Ukijibu, yangu yaweke chini kabisa, baada ya sahihi yako. Nitajua pa kunyamazia.

Weris


S.L.P. 118, Garissa
2 Mei 1997

Adeer Yarrow,

Assalaam aleikum. Nimeikubali kazi, na nimeshaianza.

Bahati imenisaidia. Katika gereji ya serikali nimekuta kitabu cha Bedford, kina picha na vipimo vyote. Fundi mkuu amekataa kitoke mlangoni, kwa hiyo saa ya chakula nakaa juu ya tairi nanakili. Chasisi iko tayari. Springi nimezikata kutoka kwenye springi ya saa mbovu ya Ami Gelle, naye bado hajajua. Pua ndiyo iliyonichosha. Bati halikubali kuviringika pande mbili kwa wakati mmoja, na nimeharibu mikebe hadi shangazi akauliza kama nafungua duka la mafuta. Sasa imekaa vizuri. Nimeipaka buluu ya kitabuni, ina milango miwili, taa mbili zinazotazama mbele, na grili yenye meno yake yote.

Kabla sijaendelea nakuomba uniambie: bodi ilikuwa ya mbao au ya bati? Ilifunikwa turubai? Na kiti cha kushoto, kile cha utingo, kilikuwa cha namna gani?

Bishar Nuh

Weris, nyamaza hapa. Nimekwangua boneti nzima na kuanza upya kwa sababu ya swali lako lile la tairi la akiba. Nayaogopa macho yako kuliko ya baba yako. Niambie ukweli, anaziulizia barua zangu, au anangoja tu nishindwe?


Modogashe
8 Juni 1997

Bishar,

Kitabu! Kitabu hicho kimeandikwa na watu ambao hawajafika Habaswein. Unaniundia Bedford ya siku iliyoshuka melini. Siku hiyo mimi nilikuwa bado nachunga ngamia za mjomba wangu, sikuijua.

Shika kalamu. Mlango wa kulia haukuwepo. Niliung'oa mwenyewe kwa sababu ya joto, na kwa sababu breki zikikataa dereva anahitaji njia. Bampa halikuwa la kiwandani, lilikuwa kipande cha reli kilichochomelewa Isiolo. Meno ya chini ya grili yalivunjwa na ngiri. Taa ya kushoto ilitazama mbinguni na hakuna fundi aliyeiweza. Bodi ilikuwa ya mbao, ghorofa mbili, chini mbuzi, juu watu na mikeka yao. Mfuko wa maji wa turubai ulining'inia mbele. Tairi za nyuma hazikufanana hata mbili. Buluu ilikuwepo, lakini ilibidi uitafute. Na usinipakie vumbi la Garissa, la kwenu limepauka.

Kiti cha kushoto weka kiti tu.

Mfanyabiashara wa Wajir alikuja. Nimemwambia nina kazi, arudi mvua za mwisho wa mwaka zikikaribia. Hakuelewa ni kazi gani niliyo nayo mtu wa umri wangu.

Yarrow Kulow

Bishar, ulitaka ukweli. Kila lori likishuka kutoka Garissa anatoka nje kutazama kama dereva ana bahasha. Akiulizwa anasema anatazama hali ya hewa.

Katika karatasi iliyokunjwa nimekuwekea vumbi la kwetu. Nimelichukua njia panda, pale malori yanapogeukia Wajir.

Na jambo jingine. Alipofika kwenye kiti cha kushoto aliinamisha kichwa hata nikadhani amesinzia. Mama alikuwa akisafiri naye kabla sijazaliwa. Alikishonea kiti kile kifuniko kutoka kwenye garbasaar yake ya kujitanda, maua mekundu juu ya manjano. Kifuniko bado kiko ndani ya sanduku lake. Mama alifariki nikiwa mdogo, na Aabo hamtaji. Nakueleza ili ujue kwa nini, usimuulize tena.

Tuandike kwa ufupi. Ameanza kusema kwamba maneno yake ni machache na bahasha ni nene.

Weris


S.L.P. 118, Garissa
15 Septemba 1997

Adeer Yarrow,

Assalaam aleikum. Bedford yako imepanda lori la Jelle, dereva anayepeleka sukari huko kwenu, ikiwa ndani ya sanduku la chanjo lililojazwa pamba. Nimemwambia aifikishe dukani kwa Nunow, kwa kuwa Jelle haijui nyumba yako.

Nilikitupa kitabu. Yaani nilimwachia fundi mkuu. Kisha nikafanya kazi ambayo sijawahi kuifanya, ya kuharibu kitu kizuri kwa makusudi. Mlango niliokuwa nimeutengeneza kwa juma zima niliung'oa kwa koleo, na bawaba nikaziacha pale ili ionekane ulikuwepo. Kutu nimeipata kwa unga wa chuma niliouloweka katika chai ya rangi na chumvi. Rangi ya buluu niliipaka, nikaichubua kwa msasa, nikaipaka tena, nikaichubua tena. Turubai ni kitambaa cha mwavuli mbovu. Kamba nimezisokota uzi kwa uzi. Vumbi la Modogashe nimelichanganya na gundi nyepesi, nikalipulizia kwa mrija kuanzia chini, kwa sababu vumbi huanzia kwenye magurudumu likapanda.

Sikuweka mbuzi wala watu. Gari ni lako, abiria wake unawajua wewe.

Sasa nangoja neno lako, Adeer. Nikisema sina wasiwasi nitakuwa nimekudanganya.

Bishar Nuh

Weris, kuna kitu kimoja nimekiongeza ambacho yeye hakukitaja. Nimekitafuta soko zima la Garissa mpaka nikakipata. Nadhani kitamfurahisha.


Modogashe
12 Oktoba 1997

Bishar,

Barua hii ni yangu kutoka juu hadi chini, kwa sababu Aabo hataki tena nimwandikie.

Nianze na mema. Sanduku lilifika, Nunow akalifungua mbele ya wateja, na kwa muda hakuna aliyenunua kitu. Mzee mmoja aliyekuwa akipanda Bedford ile kwenda Wajir alishika kichwa. Nunow akamwambia Aabo, "Haya, chukua mali yako uende nayo." Aabo akaruka nyuma.

Wewe umekulia mjini, labda umesahau. Kitu kikitoka kwa mposaji kikaingia mikononi mwa baba wa msichana mbele ya watu, hiyo ni gabaati, na gabaati ikishapokelewa msichana ameshatolewa. Wewe umeituma Bedford kabla ya wazee. Aabo hawezi kuigusa bila kunitoa, na hawezi kuirudisha kwa sababu, wallahi, ameipenda.

Kwa hiyo Nunow aliiweka rafuni, kati ya sukari na sabuni. Kila asubuhi Aabo alikwenda pale, mikono nyuma, akaitazama. Alisema reli ya bampa ni fupi kidogo. Alisema taa ya kushoto ingetazama juu zaidi. Wazee wenzake wakaanza kuja na vigoda vyao, na yeye akawasimulia safari ambazo mimi sikuwahi kuzisikia. Nilifurahi, Bishar. Nilianza hata kuwaza ngamia huyo dume atachinjwa wapi.

Kisha asubuhi moja jua liliingia pale pasipo na mlango. Aabo akainama, akaona kitambaa cha maua juu ya kiti cha kushoto. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Nani alimwambia?" Alitoka akaja moja kwa moja nyumbani, akalifungua sanduku la mama, akalifunga, akakaa nje. Tangu siku hiyo haongei nami ila kunisalimia, na dukani hakanyagi.

Nilikuambia ili ujue. Sikukuambia ili uweke. Jambo lile lilikuwa letu, na wewe umelitia rafuni kati ya sukari na sabuni watu walione.

Mtu wa Wajir amefika na wazee wake. Mawingu yamejaa. Sijui nikutakie nini.

Weris


S.L.P. 118, Garissa
3 Novemba 1997

Adeer Yarrow, kwa mkono wa Nunow mwenye duka,

Assalaam aleikum. Nunow, msomee tafadhali hata akikataa.

Adeer, Weris hana kosa. Aliniambia habari za kiti kile ili nikuache upumzike, mimi nikajiona najua zaidi. Nilidhani gari likikamilika utafurahi. Nilisahau kwamba kukamilika kwake si juu yangu. Nakuomba radhi.

Nilitaka kuja mwenyewe nikitoe kitambaa hicho, lakini mvua hizi mnaziona. Tana imefurika, barabara imekatika, na ofisi inatutuma kwa mashua hadi Kotile na vijiji vingine ambako mifugo inakufa kwa ugonjwa tusioujua vizuri. Sijui hata barua hii itapita lini.

Kama hutaki kuliona lori, Nunow alifunike kwa gunia. Kama unataka kumpa Weris mtu mwingine, hilo ni neno lako na lake. Ila usimnunie. Hana mtu mwingine wa kuzungumza naye pale nyumbani.

Bishar Nuh


Modogashe
9 Januari 1998

Bishar,

Mimi ni Nunow wa duka, au wa lililokuwa duka. Yarrow ameketi mbele yangu juu ya gunia lililolowa, anataka nikuandikie. Mimi simnyooshi Kiswahili kama bintiye. Anachosema naandika, na ninachokiona naandika pia.

Anasema: "Wewe Bishar. Mimi hiyo gari sikubokea. Mimi naokoa tu. Nunow, andika hiyo. Naokoa."

Nimeandika. Sasa nikueleze. Barua yako ya Novemba nilimsomea mara ya kwanza akaondoka kabla sijamaliza. Alirudi kesho yake, akasema alikuja kununua chumvi, akataka imalizwe. Siku zilizofuata akanunua chumvi nyingi sana kwa mtu ambaye mbuzi wake wengi wamekufa. Lori lilikuwa chini ya gunia kama ulivyosema. Kila akija alisogeza ncha ya gunia kwa fimbo.

Majuzi laga, huu mto wetu mkavu, ilishuka mchana, maji mekundu, miti mizima inaelea. Duka langu liko ukingoni. Watu wote walikuja kunisaidia, hata huyu mfanyabiashara wa Wajir aliyekwama hapa tangu Novemba, posa yake haijajibiwa na gari lake limezama matopeni. Tulijipanga tunapokezana sukari. Nikapiga kelele, "Yarrow, shika unga!" Yarrow akanipita, akaingia ndani maji yakiwa kiunoni, nikasikia rafu inavunjika. Akatoka ameliinua lori juu ya kichwa kwa mikono miwili, kofia imemwanguka, anapiga kelele watu wampishe.

Maji yalikuwa yakichukua sabuni yangu na hakuna aliyejali. Ndipo mfanyabiashara wa Wajir akaweka chini gunia lake, akasema, "Yarrow, wewe umebokea gabaati."

Yarrow akasema, "Mimi naokoa!"

Yule akasema, "Umeshika kwa mikono mbili mbele ya watu. Mimi ni shahidi. Mimi tena hapa nangoja nini?" Akacheka mpaka jino lake la dhahabu likaonekana, sote tukacheka, naye Yarrow akasimama pale kwenye maji akiwa na gari kichwani hajui aliweke wapi. Nimempenda mtu yule wa Wajir. Alibeba unga wangu mpaka wa mwisho.

Sasa Yarrow ananisukuma mkono. Anasema: "Wacha hiyo maneno ya soko. Andika, wazee wakuje baada ya Idd, barabara ikikauka. Gelle akuje pia, na hiyo mdomo yake. Ngamia sina tena, ugonjwa imemaliza, nitachinja mbuzi. Andika, ekzosi imetoka kwa maji, lakini mimi narudisha mwenyewe, wewe usiguse. Gundi lete tu."

Amelirudisha kweli, na koleo langu hataki kulitoa. Nimemwona asubuhi, miwani puani, anapuliza fumbi, kama anavyosema yeye, kwenye magurudumu.

Nunow


Modogashe
10 Januari 1998

Bishar,

Nunow amenipa nafasi katika bahasha yake, barua zetu zitaondoka na helikopta iliyoleta unga wa msaada.

Bado nilikuwa na hasira nawe mpaka juzi. Sasa soma nikueleze kwa nini zimeisha.

Aabo aliliweka lori juu ya sanduku la mama. Juzi baada ya kufuturu akaniita, "Weris, keti hapa." Nilidhani tunarudia yaleyale. Akapitisha kidole pasipo na mlango, akakigusa kiti cha kushoto, akasema, "Huyu kijana mkono yake mzuri. Lakini amekosea mtu."

Bishar, mama hakuwa akikaa kushoto. Alikaa kushoto kutoka Isiolo mpaka nyumba za mwisho tu. Wakishaziacha, Aabo alisimamisha gari, wakabadilishana. Mama ndiye aliyeendesha. Uwanda wote ule wa kwenda Habaswein, garbasaar ameifunga kiunoni, Bedford imejaa mbuzi na watu, na Aabo pembeni analalamika kwamba chuma cha kiti kinamchoma. Ndiyo sababu alikishonea kifuniko. Kilikuwa cha Aabo. Abiria walioko juu hawakuona kitu, na utingo aliapishwa kwa Kurani.

"Mimi naogopa watu wanacheka," aliniambia. "Dereva mzima wa Isiolo, bibi yake anaendesha yeye." Kwa hiyo mama alipofariki akanyamaza juu ya lori, asije akaulizwa, na katika kunyamaza juu ya lori akajikuta amenyamaza juu ya mama pia, mpaka hakujua aanzie wapi. Alilia, Bishar. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja. Nimeishi miaka yote hii bila kujua kwamba mama yangu aliweza kuingiza gia ya tatu bila kukanyaga klachi, na kwamba akivuka laga aliimba. Aabo ameniimbia wimbo wenyewe. Sauti yake ni mbaya sana. Jana aliniimbia tena.

Kitambaa chako amekitoa. Ameweka kipande kidogo alichokikata mwenyewe kutoka kwenye kile cha sandukuni, na amekishona kwa mkono, vibaya, lakini amekishona.

Wazee waje kama alivyosema. Lakini kabla hawajafunga safari kuna neno nataka kukuuliza mimi, si Aabo, wala siliandiki chini ya barua ya mtu. Nataka kujifunza kuendesha. Gari tutalitafuta, na kati ya hapa na Habaswein bado hakuna watu. Garissa nzima imekuzoesha kupigiwa honi. Je, utaweza kukaa kushoto?

Nijibu kwa gari la kwanza litakalopita.

Weris Yarrow